Kamba Mbili za Kichwa cha Tonton

Tak. Hiyo ndiyo sauti yenyewe. Si kubwa, ukiwa nje ya baraza huisikii, lakini mimi ninaisikia mpaka leo: uzi wa papa ukikatwa kwa meno.

Mkasi alikuwa nao, tena mzuri, ulining'inia msumarini. Lakini kwa nyuzi za kupimia vichwa papa hakutumia mkasi. Aliuzungusha uzi juu ya masikio ya mteja, akafunga fundo pale ncha mbili zilipokutana, akainama kama mtu anayenong'ona siri, na tak. Alisema mkasi ukipita karibu na sikio unamfanya mtu akaze shingo, na mtu aliyekaza shingo anatoa kipimo cha uongo.

Juma lililopita rafiki yangu Anjelani alikuwa ameketi mlangoni pangu akishona mkono wa mfuko wake uliokuwa umekatika. Anapanda meli kwenda Kinshasa na samaki wake wa kukausha. Alipomaliza kushona akakata uzi kwa meno, nami nikaacha kusema katikati ya neno.

"Mwamini, umeona nini?"

"Hapana kitu."

"Basi tuende wote. Utazeekea hapa? Mutu hatembeake, akili yake inabakiaka kadogo."

Nilicheka, maana mimi ni mwepesi wa kucheka, na safari ninaipenda kuliko Anjelani mwenyewe. Nimeshafika Kinshasa, nimeshafika Maka, nimeshafika hata kule kunakoanguka theluji, ila yote kwa ndoto. Kwa miguu yangu sijapita Lubunga, hapo ng'ambo ya mto. Lakini yale maneno hakuyatunga Anjelani. Niliyasikia kwanza katika baraza ya papa, na aliyeyasema hayupo. Nyinyi wa rika langu, mliokuwa watoto hapa Kisangani bendera ilipobadilishwa na bunduki zilipofuata, mtanielewa nikisema kwamba kuna maneno ya kawaida kabisa ambayo kwetu hayawezi tena kuwa ya kawaida.

Papa alikuwa fundi wa kofia. Sisi ni Waislamu wa hapa hapa, wa zile familia ambazo mababu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka mashariki. Papa alipenda kusema kwamba mababu walitembea kwa niaba ya ukoo mzima, hivyo sisi wengine tumeruhusiwa kupumzika. Nilipomwuliza waliona nini njiani, alisema, "Walichoona si kitu. Walichofanya ndicho hawakutuambia." Sikuelewa, nikadhani walipotea njia.

Baraza yetu ilinuka wanga wa muhogo, kwa sababu kofia ikishashonwa mama aliichovya katika maji ya wanga, halafu papa akaivika kwenye kibao cha mviringo ikauke na kusimama. Lakini nilichokipenda mimi kilikuwa ukutani. Kila mteja alikuwa na kamba yake, uzi mnene wa pamba uliopakwa nta, wenye fundo pale kichwa kilipoishia, umetundikwa kwenye msumari wake. Papa hakujua kuandika kifaransa, kwa hiyo kila kamba aliifungia alama. Mchinja nyama, kipande cha mfupa. Mwalimu wetu wa chuo, karatasi yenye alifu moja. Nilijua zote. Mgeni akiingia nilimwonyesha mji mzima kwa kidole: huyu hapa kichwa kidogo maneno mengi, huyu hapa kichwa kikubwa mkewe anampiga. Mama alinifinya, papa akajifanya hakusikia.

Kamba ya Tonton Masudi ilikuwa na kifungo cha shati. Tonton alikuwa mdogo wake papa, karani wa bandari, aliyepanda na kushuka mto katika meli za mizigo na karatasi zake kwapani. Akirudi, hata viatu hajavua, ubishi unaanza.

"Yaya," alimwita papa hivyo, kama tunavyowaita wakubwa zetu, "mutu hatembeake, akili yake inabakiaka kadogo. Safari inapanulaka kichwa."

Papa hakuinua macho kwenye sindano. "Ule muto pale unapita kila siku, unaenda mpaka baharini. Unatembea kuliko weye. Ulishauona unasoma gazeti?"

"Na majiwe ya maporomoko, Yaya? Yamekaa pale tangu Mungu ayaweke. Yamekuwa profeseri?"

"Muto na majiwe vyote havina njaa," mama aliita kutoka jikoni. "Nyinyi mukuje mukule."

Basi walikula, na walipokula waliendelea. Mimi nilikuwa upande wa Tonton, kwa sababu alileta biskuti.

Karibu na uhuru Tonton alichaguliwa, yeye na makarani wengine wachache, kwenda Bulaya kwa Wazungu kujifunza kazi. Alikaa huko miezi mingi. Tulipoimba dipanda, yaani huo uhuru, barabarani, watu wakipuliza firimbi na mama akipoteza kiatu kimoja ambacho hakukililia, Tonton hakuwepo. Yeye dipanda aliisikia katika redio, katika chumba chenye baridi. Aliporudi alishuka kwenye ndege na koti, na tai, na picha yake akiwa amesimama katika kitu cheupe nilichodhani ni wanga.

Idi ilikuwa karibu. Papa alimketisha ampimie kofia mpya. Akachukua ile kamba yenye kifungo, akaizungusha, na zile ncha hazikukutana. Zilikosana kwa vidole viwili vizima. Niliona kwa macho yangu.

"Tonton," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo kwa mshangao, "kichwa yako imepanuka."

Tonton aliangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Yaya, umesikia mutoto? Si nilikuambia?"

Papa alimtazama, akanitazama mimi, na mdomo wake ukawa na ule mkunjo wa mtu anayemeza mzaha ili adumu nao. "Bon," alisema. "Fundi habishane na kamba." Akapima upya, akafunga fundo, tak, akafunga kifungo cha pili, na kamba mbili za Tonton zikatundikwa pamoja kwenye msumari mmoja: kabla ya Bulaya, na baada.

Hakuna aliyeniambia kwamba Tonton alikuwa ameacha nywele ziote kwa mtindo wa huko, zimechanwa juu na kupasuliwa njia upande mmoja. Nywele niliziona, ila sikuzihesabu. Kwa mtoto, nywele ni nywele na kichwa ni kichwa.

Tangu hapo nilijipima. Nilitwaa uzi wangu, nikafunga fundo langu, na kila nilikokwenda nilipima nikirudi. Daraja la Tshopo: hakuna kitu. Lubunga kwa mtumbwi, pamoja na mama, kununua mafuta ya mawese: labda nusu ya ukucha, kama sikukaza sana. Siku moja asubuhi niliota nimefika Bulaya, nikaamka mama akanisuka nywele zile za kusimama kwa uzi, na nilipopima nilikuwa nimezidi vidole vitatu. Nilikimbia kumwambia papa kwamba hata ndoto zinahesabiwa. Papa alisema ndiyo, huenda, akaficha uso katika kitambaa.

Ninayasimulia haya ninacheka, mnaona. Nilikuwa mtoto wa kucheka.

Halafu waasi wakaingia mjini. Walikuja wamevaa majani kichwani na vipande vya ngozi ya chui, wakiamini dawa waliyochanjwa inazuia risasi, na kabla ya kila kitu walitafuta watu wa biro, wale wa ofisini, wenye tai, wenye kifaransa kingi, wenye vyeti. Walisema hao ndio waliokula uhuru. Mtu aliyefika Bulaya alikuwa mbaya kuliko wote. Jirani yetu mmoja alichukuliwa kwa sababu ya miwani tu. Alipandishwa lori akiwa ameishika mkononi, kama mtu anayetaka kuirudisha dukani.

Tonton alichoma tai, akachoma na ile picha. Alinyolewa kichwa chote, akavaa kanzu ya zamani ya papa, akaketi barazani kwenye mkeka na kitambaa mapajani, akawa fundi wa kofia. Mishono yake ilikwenda kama mlevi. Mama aliifumua na kuishona upya nyuma ya pazia. Nami niliketishwa na mama, akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Sikia. Wakikuuliza, Tonton ni fundi. Tangu azaliwe hajatoka hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema."

"Tangu azaliwe hajatoka hapa."

Nilisema vizuri. Nilidhani ni adabu tu, kama vile mtu hajisifu kwa mali mbele ya wafiwa. Watu wengi walikuwa wanalia mtaani, si vizuri kujivunia safari.

Siku chache zikapita, akaja mkubwa wao mmoja. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza ndevuni, na nyuma yake askari wawili waliobaki jua likiwapiga. Papa na Tonton waliinuka. Yeye akanyoosha kiganja mbele.

"Musiniguse. Mutu hana dawa akinigusa, dawa yangu inakufa. Nayo ikikufa, mie nyuma yake." Halafu akatabasamu kidogo. "Wanasema weye ndiye fundi ya kweli. Mie ni mutu wa dini. Ninataka kofia."

Basi ilikuwa kazi ambayo papa hakuwahi kuifanya, kumpima mtu bila kumgusa. Alimtupia uzi, akamwelekeza kutoka mbali: juu ya masikio, mukubwa, sasa vuta, hapana, nyuma umeshuka. Uzi uliteleza, ukamwangukia puani. Mimi nilicheka. Mama, nyuma ya pazia, aliacha kukoroga sufuria. Lakini yule mtu naye alicheka, akatoa karanga mfukoni, akaziweka chini mbele yangu ili mikono yetu isikutane, akasogea nyuma.

"Kula, kamama. Mie kule nyumbani niko nako kamoja kama weye. Nimetembea miezi mitatu na miguu, sijue kama bado kananijua."

Nilimpenda. Lazima niseme kweli: nilimpenda. Alikuwa ametembea miezi mitatu, na alipofunga fundo na kumrudishia papa ule uzi, niliona ni mrefu kupita wote ukutani, ila ule wa pili wa Tonton, uliolingana nao. Moyo wangu ulijaa. Niliwaona wasafiri wawili katika baraza moja ambao hawajuani. Na mama alikuwa amesema wakiuliza. Huyu hakuwa ameuliza kitu.

"Iko kubwa kama ya Tonton," nilisema.

"Tonton gani?"

"Ule." Nilimwonyesha kwa kidole chenye maganda ya karanga. "Naye alitembeaka mbali. Kichwa yake ilipanuka vidole viwili, wakati alitoka Bulaya."

Tonton hakuacha kushona. Hicho ndicho ninachokiona nikifumba macho: sindano yake ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, na haikuwa na uzi.

"Mukubwa," papa alisema, "mutoto huyu anaotaka ndoto hata muchana. Uliza mutaa muzima."

Ilikuwa kweli, mtaa mzima ungesema hivyo. Nami nikaudhika, kwa sababu mara hii sikuwa nimeota.

"Si ndoto, papa. Kamba ziko pale." Nikaonyesha msumari.

Yule mkubwa aliinuka mwenyewe, akazitoa. Alizitazama zile kamba mbili zenye vifungo vinavyofanana. Moja fupi, moja ndefu. Hakuwa anacheka tena, wala hakuwa na hasira. Alikuwa kama mwalimu aliyepata hesabu nzuri.

"Fundi, mupime. Mie ninaangalia."

Papa alikuwa amepima vichwa vya mji huu tangu kabla sijazaliwa. Siku ile alipima kichwa cha mdogo wake kama cha mgeni. Alianza na ule mfupi, wa kabla ya Bulaya. Ukakaa fundo juu ya ncha, sawasawa, hata unyoya usingepita. Akaweka ule mrefu. Ukamshuka Tonton mpaka kwenye nyusi, ukalegea pale.

Nilishtuka kweli kweli. Nilidhani kichwa cha Tonton kimerudi nyuma. Nilidhani ni kwa sababu ya kukaa ndani siku zote hizi.

Mkubwa alianza kucheka. Alicheka taratibu, kisha kwa nguvu, hata askari wake wakachungulia. "Donc, kumbe safari imemupunguza," alisema. Akajifuta macho, akachuchumaa mbele ya Tonton, karibu, bila kumgusa.

"Fundi. Bulaya iko namna gani?"

Tonton aliinua uso. Alikuwa na uso wa mtu mjinga kidogo, mpole, uso ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Wanasema iko baridi, mukubwa. Mie sijue. Mie hata Yanonge sijafika."

"Wanasema," mkubwa alirudia.

Akasimama. Zile kamba mbili hakuzirudisha msumarini. Alizikunja kwenye vidole, akazitia mfukoni zilimotoka karanga. "Kofia yangu, kesho kutwa," alisema, akaenda zake.

Hakuna aliyenipiga. Heri wangenipiga. Mama alitoka nyuma ya pazia akaketi sakafuni na mwiko mkononi. Papa alisimama akitazama msumari mtupu. Na huyo papa, aliyebishana miaka yote kwamba mtu anaweza kukaa mahali pamoja na Mungu akamletea akili hapo hapo, alisema neno ambalo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake kwa wema.

"Masudi. Safiri."

"Yaya, nikienda watakuuliza weye."

"Watauliza fundi wa kofia. Na kofia yao itakuwa tayari. Safiri, ninakuambia."

Walipanga na baba yake Anjelani, mvuvi wa Yanonge, kule chini ya mto, aliyeleta samaki mjini siku za soko na kushuka mchana na vikapu vitupu. Kesho yake ilikuwa soko. Kabla ya kutoka, Tonton aliniita nyuma ya nyumba, pale mama alipoanika mihogo. Nilikuwa nimejificha. Alipiga magoti, akainamisha kichwa chake kilichonyolewa mpaka kikawa mbele ya kifua changu.

"Weka mikono."

Niliweka. Kilikuwa cha moto kwa jua, na vinywele vilivyoanza kuota vilinichoma viganja.

"Iko kubwa?"

"Hapana."

"Ilikuwaka hii hii, siku zote. Bulaya nilifuga nywele, mama. Nywele tu. Mie nilikudanganya juu ilinifurahisha. Weye hukudanganya mutu." Aliinua uso. "Umesikia? Mie ndiye."

Nilisema nimesikia. Alivaa kofia, akachukua kikapu kama mchukuzi, wakashuka mtoni katikati ya watu wanaouza na kununua, na hakugeuka. Walimlaza ndani ya mtumbwi chini ya mikeka yenye magamba ya samaki.

Baba yake Anjelani alirudi soko lililofuata. Alisema Tonton alishuka Yanonge salama, akanawa uso, akasema, "Muambie Yaya, sasa wakiniuliza Yanonge siwezi kukana." Alicheka aliposema hivyo. Halafu alishika njia ya msituni inayotoka nyuma ya nyumba za wavuvi, na huo ndio mwisho wa habari zake. Hakuna aliyemwona mbele ya hapo. Vita vilipotuishia, watu walirudi kutoka msituni, wengine wamekonda mpaka mama zao walisita kuwakumbatia. Kila mara mbwa alipobweka papa aliinua kichwa. Nyumbani tulisema, na tunasema mpaka leo, kwamba Tonton amesafiri.

Yule mkubwa alikuja kuchukua kofia yake siku aliyosema. Iliketi vizuri. Akatazama mkeka. "Yule fundi mwingine?"

"Amefuata nyuzi," papa alimjibu.

"Nyuzi," alirudia, kwa sauti ile ile. Sikuwahi kujua alifanya nini na neno hilo. Kama kuna waliomfuata Tonton, walimfuata kwa maneno yangu. Na kama hakuna aliyemfuata, mbona hakurudi? Nimezeeka na swali hili nikiwa bado kijana. Wakati mwingine niko sokoni, ninacheka na watu, mtu mmoja wa mbele yangu ananyolewa kichwa chote chini ya mti wa kinyozi, na viganja vyangu vinaanza kuchoma.

Papa hakupima tena kwa uzi. Alimtazama mteja mara moja, akakata kitambaa kwa jicho, na kofia zikakaa tu, alikuwa fundi. Nyuzi zote za ukutani mama alizitia katika kapu, kisha sijui zilikwenda wapi. Wala hakubishana tena na mtu juu ya safari. Wakisema barazani kwamba kutembea ni kujifunza, papa, Mungu amrehemu, aliitikia, "Inawezekana," akaendelea kushona.

Sasa Anjelani ananingojea nimpe jibu, na meli haitamngojea yeye. Itapita Yanonge mchana, anasema, inasimama saa nzima, tutashuka atanionyesha walipozaliwa mashangazi zake. Hajui kwa nini ninaangalia chini. Kuhusu akili na safari sina la kumfundisha. Tonton aliona mengi huko ng'ambo, na siku ya haja yote yaliyomfaa yalikuwa ni kujua kujifanya hakuyaona. Papa hakuona kitu, na ndiye aliyejua saa ya kumwambia mtu aende. Yule mkubwa alitembea miezi mitatu, akafika kwetu na karanga mfukoni kwa ajili ya mtoto asiye wake, na bado tulimwogopa. Mimi nilipima kichwa changu kila nilipotoka na kurudi, nikapata nusu ya ukucha.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sikumwambia papa, wala mama, wala Anjelani.

Ilikuwa siku nne au tano baada ya kofia kuchukuliwa. Jua lilikuwa kali, wanawake walikuwa wameshachota wakaenda, nami nilichelewa bombani peke yangu kwa sababu nilikuwa nimeanza kupenda kuchelewa. Ndoo ilikuwa inajaa. Mmoja wa wale askari wawili alikuwa ameketi juu ya tofali upande wa pili, anatafuna muwa. Sikumjua mpaka aliponisemesha.

"Weye. Mutoto wa fundi."

"Ndiyo."

"Tonton yako, ule wa Bulaya. Alipitia njia gani?"

Aliuliza kwa uvivu tu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. Labda alitumwa, labda alikuwa anapitisha wakati. Maji yalifika ukingoni, yakaanza kumwagika miguuni pangu. Nilifunga bomba. Nilikumbuka kwamba mama alinifundisha jibu, lile la tangu azaliwe hajatoka hapa, na nikaona kwamba jibu hilo bado lilikuwa na mtu ndani yake. Mtu ambaye hajatoka hapa anaweza kutafutwa hapa. Aliyetoka anaweza kufuatwa njiani.

"Sina tonton," nilisema.

Aliacha kutafuna. "Ule mufundi mwingine?"

"Alikuwa mutu wa kazi. Mie sina tonton. Papa alizaliwa peke yake."

Alinitazama, nami nikatabasamu, kwa sababu nilikuwa ninajulikana mtaani kwa kutabasamu. Alitema kapi la muwa. Hakukuwa na mtu wa kunitwisha. Yeye hakuweza kunikaribia kwa ajili ya dawa yake, na mimi nilikuwa bado mdogo kwa ndoo ile. Nikachuchumaa, nikaisogeza juu ya goti, kutoka gotini mpaka kifuani, kutoka kifuani mpaka kichwani, nikasimama nayo. Nikaenda zangu, na sikumwaga.